Mzigo kutoka Ilala: Chuma na Susi walibeba nini hasa?

Katikati ya sakafu ya Westminster Abbey, London, pana jiwe jeusi lenye herufi za shaba. Chini yake amelala David Livingstone. Maandishi yanaanza kwa kusema kwamba aliletwa hapo na mikono miaminifu, kwa nchi kavu na kwa bahari. Kisha zinafuata habari zake: jina, kazi, siku na mahali alipozaliwa, siku aliyokufa, hata kijiji alikofia. Ile mikono ilikuwa ya nani, jiwe halisemi.

Ilikuwa ya watu wapatao 60. Wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliukausha mwili huo, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,600 kutoka Ilala hadi Bagamoyo. (Ilala hii si ile ya Dar es Salaam. Ni nchi ya Walala, kusini mwa Ziwa Bangweulu, Zambia ya leo.) Waliondoka Mei 1873 na kufika pwani Februari 1874.

Kwa nini walifanya vile? Kwa zaidi ya miaka 150 jibu limekuwa lile la kwenye jiwe: uaminifu. Siku hizi yapo majibu mengine, tena makali. Wapo wanaosema ilikuwa hesabu ya mishahara na woga wa gereza. Wapo pia wanaowaona Chuma na Susi kama vibaraka waliomtengenezea Mzungu utukufu, na utukufu huo ukawafungulia njia watawala wa kikoloni. Kila jibu lina ushahidi wake, na kila moja linakwama mahali.

Tuanze na la uaminifu. Chuma alikuwa kijana wa Kiyao aliyeokolewa mwaka 1861 kutoka mikononi mwa wauza watumwa, katika milima ya Shire. Susi alitoka Shupanga, kwenye mto Zambezi, akaajiriwa mwaka 1863. Mwaka 1864 wote wawili walikuwa mabaharia katika meli ndogo ya Lady Nyassa, Livingstone mwenyewe akiwa nahodha, wakavuka kutoka Unguja hadi Bombay kwa siku 45. Walirudi naye Afrika mwaka 1866, na siku aliyokufa walikuwa naye. Watu walioishi hivyo kwa miaka kumi huwa na jambo baina yao ambalo halimo katika daftari la mishahara. Mwaka 1886 Susi alipobatizwa Unguja alichukua jina la David. Livingstone alikuwa amekufa miaka 13 kabla, na hakukuwa na mtu wa kujipendekeza kwake.

Ila waliobeba hawakuwa Chuma na Susi peke yao. Kati ya wote waliofuatana na Livingstone tangu 1866, waliobaki siku ya kifo chake walikuwa watano tu. Wengi wa wale 60 walikuwa wapagazi waliotumwa kutoka Unguja na Henry Stanley, mwandishi wa habari, wakafika Unyanyembe (eneo la Tabora) Agosti 1872. Walikuwa wamemjua huyo mzee miezi minane au tisa, na sehemu kubwa ya muda huo wameimaliza wakizama matopeni, njaa tumboni, wakimbeba mgonjwa kwenye kitanda cha miti. Mapenzi ya Susi hayawezi kumbebesha mtu wa namna hiyo maiti kwa miezi tisa. Lazima palikuwa na sababu nyingine.

Tena kuna hili. Tarehe 25 Juni 1868, Livingstone alikuta kaburi msituni akaandika katika shajara yake kwamba hilo ndilo kaburi ambalo angelipenda: kulala ndani ya msitu uliotulia, mifupa yake isiguswe na mkono wa mtu. Kama uaminifu ni kutimiza alichotaka marehemu, basi walifanya kinyume chake. Bila shaka hawakuwa wameyasoma maneno hayo. Lakini waliowapigia makofi kule London walikuja kuwa nayo, yamechapwa kitabuni.

Tuje kwenye hesabu. Hapa yafaa kumkumbuka Musa, mtu wa Nzwani katika visiwa vya Komoro. Mwaka huohuo wa 1866, Musa na wenzake walimwacha Livingstone karibu na Ziwa Nyasa, wakarudi Unguja na kusimulia kwamba bwana wao ameuawa na Mazitu, wapiganaji wa Kingoni. Bendera zikashushwa nusu mlingoti. Mwaka 1867 Uingereza ikatuma msafara kwenda kuchunguza, uwongo ukafichuka, na Musa akaishia kwenye minyororo. Chuma na Susi walikuwapo siku Musa na wenzake walipojitenga. Kwa hiyo walijua vizuri sana nini humpata Mwafrika anayefika kwa balozi wa Uingereza na kusema, "Bwana amekufa," pasipo na kitu mkononi.

Ukiyatazama mambo yao kwa jicho hilo, mengi yanaeleweka. Livingstone alikufa kijijini kwa chifu Chitambo tarehe 1 Mei kwa hesabu ya Chuma na Susi. Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa shule ya wamisionari ya Nassick huko India, alichora 4 Mei juu ya mti. Kabla ya kushughulikia maiti, masanduku ya marehemu yalifunguliwa mbele ya watu wote na Wainwright akaandika kilichomo, kimoja kimoja. Watu wakasema Chuma na Susi ni wakongwe wa safari na shida, basi wawe wakuu wao, nao watatii. Ni uchaguzi huo, katika nchi ya ugenini, bila balozi wala karani wa tajiri yeyote.

Mkitaka kujua walivyofikiri mbali, angalieni walichomwachia Chitambo. Walimpa sanduku kubwa la bati lililokuwa la biskuti, pamoja na magazeti ya Kizungu, ili msafiri yeyote atakayepita baadaye aone kwamba kweli Mzungu alifika hapo. Walisimamisha nguzo mbili zenye boriti juu yake, wakazipaka lami, wakamwomba Chitambo awe anafyeka majani yasije moto ukaziunguza. Hapo ndipo, chini ya mti, walipozika moyo na matumbo ya Livingstone. Mwili walikuwa nao, orodha ya mali walikuwa nayo, mahali pa kifo wamepawekea alama, na shahidi wa kienyeji amepewa kielelezo. Wakili wa mahakamani asingepata pa kuongeza.

Kazi ya kuukausha mwili nayo ilikuwa ya watu waliojua wanachofanya. Farijala aliwahi kumtumikia daktari Unguja na alikuwa ameona maiti zikipasuliwa, basi yeye ndiye aliyeshika kisu. Chumvi ilinunuliwa kwa nyuzi 16 za shanga. Walijenga boma mbali kidogo na kijiji, lisilo na paa ili jua liingie, wakauacha mwili siku 14, brandi ikimiminwa mdomoni na kupakwa nywele. Kisha miguu ikakunjwa magotini ili urefu upungue, mwili ukaviringwa kwa kitambaa, ukatiwa ndani ya gome la mti lililobanduliwa zima kama bomba, ukashonewa turubai juu na kufungwa kwenye mti wa kubebea watu wawili.

Chitambo mwenyewe asisahaulike. Mwanzoni walimficha habari za kifo, wakihofia kutozwa faini kubwa. Alipojua, aliwauliza kwa nini hawakumwambia kweli, kwani naye ni mtu aliyesafiri, amefika hadi pwani. Akaja na watu wake kumwomboleza mgeni kwa ngoma. Ushauri wake ulikuwa mmoja: mzikeni hapa, pwani ni mbali, hamtaweza. Mimi huona hiyo ndiyo sauti ya busara katika kisa chote. Na ndiyo waliyoikataa.

Kwa hiyo hesabu inatosha kutueleza? Ingetosha kama safari ingeishia Tabora.

Walipokaribia Unyanyembe, Oktoba 1873, walisikia kwamba kuna msafara wa Waingereza, na kwamba mwana wa Livingstone yumo. Chuma akatangulia na barua aliyoiandika Wainwright kwa huyo mwana, Oswell, ikisema baba amekufa, mwili tunao, wenzetu kumi wamepotea, njaa inatubana, tupatie nguo tununue chakula. Oswell hakuwapo. Aliyeipokea ni Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, aliyetumwa kumtafuta Livingstone huyohuyo. Cameron akawashauri wazike papo hapo, maana njia ya kwenda pwani ni ya hatari na wenyeji hawataki maiti ipite kwao.

Sasa fikirini. Ofisa wa Malkia ameuona mzigo, ameisoma barua, na anasema kwa kinywa chake zikeni. Hofu ya kuwa kama Musa imekwisha siku hiyo. Wangeweza kuzika Tabora, Cameron akawaandikia cheti, wakateremka pwani mikono mitupu na kudai ujira wao. Wakakataa. Cameron naye akafungua masanduku na kujichukulia vyombo vya kupimia vya Livingstone kwa ajili ya safari yake mwenyewe. Wao hawakupendezwa, lakini hawakumzuia. Maiti hawakuiacha.

Wenye hoja ya hesabu watasema walitazamia bahshishi nono kwa kufikisha mwili. Inawezekana. Lakini hatari ya njia ilikuwa dhahiri, na bahshishi ilikuwa dhana tu. Kilichofuata Kasekera, mashariki ya Tabora, kinanishawishi kwamba kulikuwa na kitu kingine.

Wenyeji walikataa katakata maiti isipite. Basi Chuma na Susi wakatangaza kwamba wamekubali, mwili utarudishwa Unyanyembe ukazikwe. Usiku wakaufungua ule mzigo, wakaufunga upya kwa umbo la mtumba wa kawaida wa nguo za biashara. Wakakata mabua ya mtama yenye urefu wa mtu, wakayaviringa sanda, wakatengeneza maiti ya uongo. Wakakunja karatasi ionekane kama barua, wakaibana kwenye ufito uliopasuliwa kama ilivyokuwa desturi ya matarishi. Watu sita wakaondoka nayo kwa huzuni, wakirudi Unyanyembe, na kijiji kizima kinatazama. Giza lilipoingia wakaacha njia, wakatawanya mabua porini, wakatupa vitambaa, wakarudi mmoja mmoja kwa njia za mzunguko. Asubuhi msafara ukapita na mitumba yake, na mmoja wa mitumba hiyo alikuwa Livingstone.

Hebu nioneshe mtumishi mtiifu hapo. Mimi naona wanyampara, watu wa kazi, wanaojua kwamba njia ya misafara ina kanuni zake: mahali pa kulipa hongo utalipa, mahali pa kudanganya utadanganya, lakini mzigo uliokabidhiwa unafika kwa mwenyewe. Waswahili wana neno kwa jambo hilo, nalo ni amana. Halimaanishi kumpenda mwenye mali. Mpagazi hakuwa na sababu ya kumpenda tajiri wa Kihindi mwenye majora ya merikani aliyoyabeba kichwani, lakini mnyapara aliyefika Unyanyembe mzigo umepungua alikuwa amekwisha katika biashara hiyo. Jina lake ndilo mtaji wake. Nadhani kwao Livingstone aligeuka amana siku aliyokufa, na mwenye amana hakuwa Cameron, msafiri aliyekutana nao njiani. Alikuwa balozi Unguja, na nyuma yake watu wa marehemu. Ndiyo maana kuzika Tabora, hata kwa idhini, kwao kungekuwa kupungukiwa na mzigo.

Sitaki hata hivyo msomaji aondoke na picha ya msafara wa malaika. Katika kijiji cha Chawende, upande wa pili wa mto Luapula, ulizuka ugomvi. Mshale ukampata mmoja wao, nao wakajibu kwa bunduki, wakakiteka kijiji, wakachoma vijiji vya jirani na kukaa humo wiki nzima wakila mbuzi na kuku wa wenyewe. Simulizi za Uingereza hupita hapo mbiombio. Watu wa Chawende nao walikuwa na nyumba, na hakuna jiwe la London linalozungumzia mikono yao.

Hilo linatuleta kwa wanaosema vibaraka. Hoja yao si ya kubeza. Mwili ulipozikwa Aprili 18, 1874, taifa zima la Uingereza likilia, jina la Livingstone lilipata nguvu ambayo hakuwa nayo akiwa hai, na nguvu hiyo ikatumiwa kuitisha wamisionari, wafanyabiashara na hatimaye bendera. Susi mwenyewe baadaye alimtumikia Stanley huko Kongo, katika kazi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji ambayo mwisho wake tunaujua. Chuma aliongoza msafara wa mwaka 1879 ulioondoka Dar es Salaam chini ya Keith Johnston. Johnston akafa wiki chache baadaye, akabaki Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, na anayejua misafara atakuambia ni nani aliyekuwa anaongoza hasa.

Ila neno kibaraka linataka mtu aliyejua anachokisaidia. Mwaka 1873 ukoloni wa nchi hizi ulikuwa bado hauna hata ramani, na kilichoonekana kwa macho ya Chuma, mtoto aliyewahi kufungwa kongwa, kilikuwa biashara ya watumwa. Hapo mimi siwezi kumhukumu. Kwa Susi na Kongo nasitasita zaidi, maana alikuwa mtu mzima mwenye uzoefu. Lakini kusitasita kwangu kunakuja na faida ya kujua yaliyofuata.

Pia tuulize: haya yote tumeyajua kwa kinywa cha nani? Chuma na Susi walifika Uingereza baada ya maziko, kwa nauli iliyolipwa na James Young, rafiki wa Livingstone. Walikaa kwa Horace Waller, padri wa kijiji cha Twywell, wakamsimulia, wakamsaidia kusoma shajara zilizolowa na kuchakaa, na kitabu kikatoka mwisho wa mwaka huo wa 1874. Waller alikuwa mmisionari wa zamani aliyemjua Chuma tangu 1861, mpinga utumwa hodari, na mtu aliyetaka Livingstone aonekane mtakatifu. Ile picha maarufu ya Livingstone kukutwa amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda anasali, imepitia kalamu yake. Huenda ni kweli. Lakini mgonjwa asiyeweza hata kukaa juu ya punda anaweza kuonekana amepiga magoti kwa sababu nyingi, na maumivu ni mojawapo. Siwatuhumu Chuma na Susi kwa uongo. Nasema tu kwamba uaminifu wao pia tumeusikia kutoka kwa mhariri aliyeuhitaji.

Wainwright aliacha shajara yake mwenyewe, na ni yeye pekee wa msafara ule aliyesafiri na jeneza hadi Southampton na kulishindikiza kaburini, kwa nauli ya wamisionari. Waliochaguliwa na wenzao kuwa wakuu hawakuitwa. Kule London, mwili ulipofunguliwa, daktari Sir William Fergusson hakuutambua kwa uso. Aliushika mkono wa kushoto, akatafuta mfupa uliovunjwa na simba mwaka 1844 ukaunga vibaya. Akaupata. Ule ushahidi ambao watu 60 walikuwa wameutunza kwa chumvi, jua na gome la mti ukakubaliwa kwa sekunde chache.

Na wanawake? Halima, mpishi, alikuwa katika msafara ule. Livingstone alimsifu katika shajara, akaandika kwamba wakifika Unguja atamnunulia nyumba na bustani. Ntaoeka, mke wa Chuma, naye alikuwamo. Jiwe linaposema mikono, linafaa kuihesabu na yao.

Chuma alikufa kwa kifua kikuu Unguja mwaka 1882, Susi akamfuata 1891, hapohapo Unguja. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilitengeneza medali 60 kwa ajili ya wale watu. Juu yake kiliandika, kwa Kiingereza, maneno yaleyale ya jiwe kwa namna nyingine: waaminifu hadi mwisho. Safari hii majina yalikuwapo, yamechorwa ukingoni, kila medali na mtu wake. Zilipofika Unguja wengi wa wenyewe walikuwa wamekwisha tawanyika, wamejitwika mizigo mingine, wako njiani kwenda bara.